Mkate wa Saa Kumi

Saa nane na robo. Najua bila kutazama:
treni ya mizigo imepita ng'ambo ya mto Rioni
na bilauri kabatini zimegonganisha meno.
Daktari Lali alisema, saa igeuzie uso ukutani.
Nimeigeuza. Sasa inanipa mgongo
na bado naisikia inavyonisengenya.

Husemwa usiku wa deni haukawii kucha.
Basi mimi sidaiwi na mtu Kutaisi nzima,
maana wangu umekaa kitako
kama mgeni aliyekwisha kunywa chai
na hana habari ya kuaga.

Si msiba. Nataka hilo lieleweke.
Hakuna aliyekufa. Binti yangu yuko Batumi, mzima wa afya,
hupiga simu Jumapili: "Mama, umekula?"
Nami husema nimekula, na kweli nimekula,
maharage yale yale ya Alhamisi,
wima, sufuria mkononi.
Ni kwamba tu tangu Oktoba
kitu kimeniingia kama maji kwenye kiatu:
unatembea, unafika uendako, unaamkia watu,
na kila hatua inakujibu, chwa.

Nimejaribu maziwa ya moto.
Nimejaribu asali chungu ya msituni.
Nimehesabu stesheni nilizozikatia watu tiketi
miaka ishirini na sita, dirisha namba tatu:
Zestaponi, Kharagauli, Khashuri, Gori, Kaspi,
nafika Tbilisi macho makavu,
nageuza treni, narudi.

"Nusu saa ikipita, ondoka kitandani,"
alisema pia Daktari Lali, binti mdogo, kalamu sikioni.
"Kitanda kisikuzoee kama uwanja wa vita."

Chini ya jengo letu kuna tanuri.
Dirisha lake liko usawa wa visigino vya wapita njia.
Usiku wa kwanza nilisimama pale,
koti juu ya gauni la kulalia,
nikijifanya mnunuzi.
"Haujaiva," akasema Zauri.
"Najua."
Hakuuliza kinachoniweka macho.
Alichukua ndoo, akaipindua, ikawa kiti.

Nikamtazama. Donge analivuta
mpaka lichongoke ncha mbili, kama mwezi mchanga,
kisha anajitosa nusu mwili tanurini,
miguu inaacha sakafu,
(mimi roho juu!)
analibandika ukutani, pa!
anarudi mzima, nyusi zimeungua.
Mara mia mbili kila alfajiri.
Na mimi nashindwa kuosha kikombe.

Usiku wa nne alinipa mizani.
Gramu mia tatu na hamsini, donge kwa donge.
La kwanza lilipungua. Akalitazama,
akaongeza kipande kama ukucha,
hakusema neno. La tisa halikupungua.
Mikono iliyohesabu chenji ina kumbukumbu yake.

Sikupona, nisiwadanganye.
Kuna usiku nalia pale juu ya ndoo,
kwa moshi na kwa kisicho moshi,
naye huongeza sauti ya redio:
mvua Imereti, theluji milimani.
Wiki iliyopita sikuweza hata kushuka.
Ngazi arobaini na mbili.
Nililala chali nikiziogopa moja moja.
Asubuhi nikakuta mkate umening'inia kwenye kitasa,
umefungwa gazeti la juzi,
juu yake kwa kalamu ya risasi: *350*.

Leo nimepanda na wangu chini ya koti,
moto tumboni kama paka wa kuazima.
Nimeketi jikoni. Nimevunja ncha,
ile ngumu ambayo watoto huigombania.
Birika lilikuwa bado halijaimba.

Nilipofumbua macho maji yalikuwa yamekauka,
jikoni kunanuka chuma,
makombo shingoni, kiatu kimoja mguuni.
Nikaenda nikaigeuza ile saa.
Dakika sabini.
Nimeziandika nyuma ya tiketi ya zamani, ya kwenda Gori,
nimpelekee Daktari Lali
kama mtu anayedai chenji yake.